Bibi alimshtukia Snape kabla ya ukurasa wa mia!

Magoti yanauma kwa sababu juzi tu nimerudi kutoka Bariadi, na mwenye kuijua safari ya kukaa kwenye basi na kiroba cha michembe katikati ya miguu mpaka Mwanza atanielewa bila maelezo.

Najua wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutawazungumzia akina dada wanaoamka usiku wa manane kukagua simu za wapenzi wao. Mada hiyo haijafutwa, imesogezwa mbele tu. Leo nimekuja na stori ya kitabu. Usigeuze ukurasa! Ni stori ya kitabu, lakini ndani yake yumo bibi yangu, na popote alipo bibi yangu hakuna kusinzia.

Kitabu chenyewe ni kile cha saba na cha mwisho cha Harry Potter, kwa jina lake kamili Harry Potter and the Deathly Hallows. Kwa wale ambao bado wanakisoma au wanangoja kuazimwa, samahani sana, leo namwaga mchele wote kwenye kuku wengi. Kama hutaki kuujua mwisho, ruka uende ukurasa wa nyota.

Kwa kifupi kwa wasiomjua huyu dogo: Harry ni mtoto yatima wa Kiingereza mwenye kovu kwenye paji la uso. Baba na mama yake waliuawa na mtu mmoja katili anayeitwa Voldemort, naye akanusurika akiwa bado mchanga kwa sababu mama yake alisimama mbele yake akafa kwa ajili yake. Akikua anapelekwa shule ya bweni ya wachawi. Mwandishi wake ni J.K. Rowling. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1997, wachapaji wakachapa nakala 500 tu za jalada gumu kwa kujaribu bahati. Cha saba kilitoka saa sita usiku wa kuamkia Julai 21, 2007, na ndani ya saa 24 za kwanza zikauzwa nakala zipatazo milioni 11 Uingereza na Marekani peke yake. Watu walipanga foleni usiku na mablanketi kama wanasubiri sukari enzi za mwalimu. Kwa kitabu, jamani!

Mimi usiku huo nilikuwa nimelala fofofo Bariadi, mtoto mdogo sina habari. Wakati ule hata Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, tulikuwa tunahesabiwa Shinyanga mpaka mwaka 2012. Harry nilikuja kukutana naye kwanza kwenye kibanda cha video, shilingi mia mbili unakaa kwenye benchi, filamu imetafsiriwa kwa Kiswahili na mtu anayepiga kelele juu ya waigizaji, kwa mtindo ule uliompa Lufufu jina lake kule Dar. Mtafsiri wa filamu yetu alikuwa hajui kabisa stori inakoenda. Kila Voldemort alipotokea, yeye alisema, "Huyu bwana pua aliuza!" Tulicheka mpaka benchi likaanguka. Stori yenyewe hatukuishika hata chembe.

Vitabu nilivisoma sekondari, kwa zamu. Vilikuwa vya dada mmoja wa bweni ambaye mjomba wake alikuwa anamletea, na kila kitabu kilikuwa na orodha ya majina ya wanaosubiri, ukichelewesha siku moja unalipa vitumbua viwili. Cha kwanza mpaka cha sita nilivimaliza hivyo. Cha saba mwenyewe alisema hakijaletwa, na tukamaliza kidato cha nne mwaka 2016 hakijaletwa. Hebu pata picha. Cha sita kinaishia mahali ambapo mwalimu Snape amemuua mwalimu mkuu Dumbledore juu ya mnara, mzee wa watu hana hata silaha mkononi! Halafu unaambiwa nenda nyumbani kasubiri matokeo.

Basi bwana, nilikipata Mwanza, kwenye meza ya vitabu vya mitumba, hakina jalada la mbele, kurasa 607 na harufu ya chumba kilichofungwa. Muuzaji alidhani ni kitabu cha dini. Sikumsahihisha, maana angepandisha bei. Nikakibeba mpaka Bariadi kwa bibi, kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka mjini, ambako nilitakiwa kusaidia kupanda pamba na kupalilia mahindi mpaka matokeo yatoke.

Sasa bibi yangu. Bibi hajakaa darasani hata siku moja, lakini usije ukamchezea kwenye hadithi. Na kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, mimi ananiita mke mwenzangu, kwa hiyo nikitaka kusoma peke yangu huku yeye anapika inakuwa ni dharau ndani ya ndoa. Siku ya kwanza tu akaniuliza: "Mke mwenzangu, hilo likitabu lisilo na uso linasema nini?" Nikaanza kumweleza. Vitabu sita nikavimaliza shambani kwa wiki moja, jembe huku, stori huku. Cha saba akakataa nisimsimulie. Alitaka nikisome, ukurasa kwa ukurasa, jioni baada ya ugali, chini ya taa ya sola, mimi nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili na pale Kiswahili kinaponikwama naingiza Kisukuma.

Na kilinikwama mapema kweli! Nilipomwambia ni shule ya wachawi, akashika kiuno. "Shule? Inafundisha? Na serikali inajua?" Nikamwambia serikali inajua sana, kuna mpaka Wizara ya Uchawi na waziri wake. Bibi alicheka hadi akatoa machozi. Sisi tuna Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, nayo tulitungiwa na Waingereza hao hao. Miaka karibu sabini baadaye mwenzao mmoja akaja na shule yenye mabweni na sare. Ama kweli!

Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. "Hao watu ni balogi au ni bafumu?" Kwa asiyejua Kisukuma, balogi ni wale wanaoua watu kwa siri usiku, na bafumu ni waganga, wanaoagua na kutibu mchana watu wakiona. Kiingereza cha Rowling kimewaweka wote chungu kimoja. Kiswahili chetu nacho kikisema mchawi, mtu mzima hashangilii, anaangalia mlango. Nikasema, "Bibi, wengine hivi, wengine vile." Akasema, "Basi wewe soma, nitawapanga mwenyewe." Na kweli akawa anawapanga. Dumbledore mfumu. Mama yake Ron mfumu, tena wa kienyeji kabisa. Voldemort mlogi. Kila akiingia mtu mpya lazima nisimame, bibi afikirie, atoe hukumu, ndipo tuendelee.

Sasa nikiri dhambi. Usiku wa kwanza tu, sura ya kwanza, Voldemort amekaa mezani na watu wake, na mwandishi anamweleza alivyo: hana nywele, pua kama ya nyoka, na macho MEKUNDU. Nikanyanyua uso. Bibi amekaa mbele yangu, upande wa pili wa mafiga, moshi unampita usoni kama ulivyompita kila siku tangu aolewe. Kwetu kuni zimekuwa adimu, watu wanapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Moshi wake unakata macho. Bibi macho yake ni mekundu.

Mpenzi msomaji wa mjini unaweza usielewe kwa nini mate yalinikauka. Usukumani, bibi kizee mwenye macho mekundu ni mtu anayeweza kufa kwa ajili ya macho hayo. Sisemi hadithi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kwa mwaka 2013 peke yake, kilihesabu watu 765 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi, na 505 kati yao walikuwa wanawake. Wengi ni vikongwe. Mtoto anaumwa, ng'ombe anakufa, mtu anakwenda kupiga ramli, anarudi na dalili: mwanamke, mtu wa karibu, macho yake hivi. Halafu usiku panga linafanya kazi.

Nikasoma: "Na macho yake yalikuwa ya njano."

Bibi akasema, "Njano kama ya paka?" Nikasema ndiyo Bibi, kama ya paka. Tukaendelea. Na kila yalipojitokeza tena mimi nikayapaka njano, kitabu kizima, mpaka nikawa hodari kabisa wa uongo ule.

Sasa njoo kwenye sikio, ndilo lililoniletea leo hapa.

Mwanzoni mwa kitabu, hata ukurasa wa mia hatujaufikia, Harry anatoroshwa usiku angani, yeye na wenzake wanaofanana naye ili adui achanganyikiwe. Wanavamiwa. Katika purukushani ile Snape, yule muuaji wa mwalimu mkuu, anarusha uchawi unaomkata George, kaka yake Ron, sikio zima. Wanamfikisha nyumbani damu inachuruzika. Mimi nilikuwa nasoma kwa hasira. Nikamwambia bibi, unaona huyo Snape? Si nilikwambia? Mlogi namba mbili huyo!

Bibi akanyamaza. Akachokonoa moto. Halafu akasema, "Sikio?"

"Sikio, Bibi. Lote."

"Huyo alikosea. Hakumlenga mtoto. Huyo ni wa kwao."

Nikabisha! Nikamwambia Bibi, huyu mtu nimemsoma vitabu sita, wewe umemjua wiki hii. Mtu ana nywele za mafuta kama hajaoga mwaka, pua imepinda kama mdomo wa kunguru, nguo nyeusi usiku na mchana, anawaonea watoto darasani, na ameua mbele ya mashahidi. Unataka nini zaidi? Bibi akasema tu, "Masala Kulangwa naye alikata sikio."

Kwa ambao bibi zenu hawakuwasimulia, hii ndiyo ngano yetu kubwa Wasukuma. Zamani zile jitu linaloitwa Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote duniani. Akabaki mama mmoja mja mzito aliyejificha kwenye lundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa, maana yake mwenye akili anayeelewa upesi. Alipokua akamuuliza mama yake, watu wengine wako wapi? Alipoambiwa akaingia porini, na kila alichokiua alimletea mama yake na kumuuliza kama ndiye Shing'weng'we, mpaka siku moja akaliua jitu lenyewe. Akalipasua tumbo, watu wakatoka, ng'ombe wakatoka, mbuzi wakatoka. Lakini kisu kilipokuwa kinapasua kilimpata bibi kizee mmoja aliyekuwa humo ndani, kikamkata sikio. Wasimuliaji wengi wanasema bibi yule alikasirika akataka kumloga aliyemwokoa, na Masala Kulangwa kwa akili zake akatafuta dawa, akamtibu.

Bibi yangu alikuwa haipendi sehemu hiyo ya kuloga. Yeye akiisimulia anasema, "Alilia tu. Sikio linauma, mtu analia, watu wakasema analoga." Halafu anaendelea na dawa.

Kwa hiyo kwake yeye habari ilikuwa wazi kama jua. Mtoto aliyenusurika kwa sababu ya mama yake, tayari yumo kwenye kitabu. Jitu linalomeza watu limo. Sasa sikio limekatwa, basi aliyelikata ni mwenye kisu cha kuokoa. Kule Ulaya na Marekani watu walikuwa wamebishana miaka miwili mizima, tangu kitabu cha sita kilipotoka mwaka 2005, kama Snape ni mwema au mbaya. Bibi yangu alimaliza ubishi kati ya ugali na maji ya kunawa.

Mimi nikaona amekosea, uzee unamsumbua. Nikaendelea kusoma.

Ilikuwa ni msimu huo huo, na naomba niliseme hili haraka, kwa jirani mmoja mtoto aliugua homa akafariki. Tulikwenda msibani, bibi alibeba unga kama inavyotakiwa. Wiki iliyofuata wale watu walikwenda mahali, hatukuambiwa wapi, na waliporudi salamu zikakatika. Unasema "mwadila", mtu anaangalia mbuzi. Baba mdogo akahamia kwa bibi akawa analala sebuleni na fimbo, anasema nyumbani kwake kuna joto. Mlango ukawa unawekwa gogo nyuma. Hakuna aliyetamka neno. Bibi mwenyewe alikuwa anasema, "Mke mwenzangu, soma." Nikasoma kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Kitabu chenyewe, tuseme ukweli wa Mungu, katikati kinachosha. Harry, Ron na Hermione wanakaa porini kwenye hema miezi na miezi, wanagombana, wanakula uyoga, wanagombana tena. Rowling dada yangu, hapa ungepunguza. Bibi alisinzia usiku minne mfululizo, na baba mdogo akawa anakoroma kabisa. Aliamka kwenye ile hadithi ya ndugu watatu waliokutana na Kifo mtoni, wa kwanza akaomba fimbo isiyoshindwa, wa pili jiwe la kurudisha wafu, wa tatu joho la kujificha. Hiyo alitaka irudiwe mara mbili. Yule wa tatu, aliyezeeka taratibu na kumpa mwanawe joho, alimkubali kichizi.

Na kwenye kifo cha Dobby aliweka kijiko chini. Dobby ni kijakazi mdogo wa masikio makubwa aliyekufa akiwaokoa. Harry ana uchawi wote mkononi lakini anakataa kuutumia, anachukua sepeto na kuchimba kaburi mwenyewe kwa mikono hadi jasho linamtoka. Bibi akasema, "Huyu mtoto kalelewa." Akakaa kidogo akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaongelea mvua, kwamba mtu akishasemwa, siku akifa watu hawaji kuchimba. Wanasema mgongo unauma. Baba mdogo hakukoroma usiku ule.

Kuna jambo lingine lilimfanya anyamaze. Voldemort anaogopa kufa kuliko kitu chochote, kwa hiyo ameipasua roho yake vipande na kuvificha kwenye vitu, kikombe, pete, mkufu. Na ili kupasua kipande kimoja lazima aue mtu. Nilipoeleza hilo, bibi hakuuliza kama inawezekana. Aliuliza, "Na waliouawa walikuwa akina nani?" Mwaka ule ule wa 2007, kitabu kilipotoka, huku kwetu kanda ya ziwa ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wameanza kuwindwa kwa viungo vyao, eti vinaleta utajiri, mpaka Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda akatangaza kufuta leseni za waganga wote wa jadi. Nilikuwa darasa la mwanzo mwanzo, nakumbuka mwenzetu mmoja alivyokuwa anasindikizwa shule na kaka zake wawili. Kwa hiyo watu wa London wanaweza kumwona Voldemort ni jini la kitabuni. Bibi alisema huyo anamjua, ila huku anavaa suti na ana duka.

Haya, mwisho. Snape anaumwa na nyoka wa Voldemort kwenye nyumba chakavu, koo limechanika, damu inakwenda. Harry anamsogelea, bado anamchukia. Snape anatoa kumbukumbu zake zote, zinamtoka kama moshi, na anachoomba ni kumtazama Harry machoni, maana macho yale ya kijani ni ya mama yake, mwanamke aliyempenda tangu utoto. Anakufa. Harry anakwenda kuzitazama kumbukumbu, na hapo ndipo ukweli wote unapomwagika. Snape alikuwa anamlinda miaka yote. Dumbledore mwenyewe alimwomba amuue, alikuwa tayari anakufa kwa laana ya pete. Na usiku ule angani, Snape alimlenga mfuasi wa Voldemort aliyetaka kummaliza mwenzao. Uchawi ukaenda pembeni, ukampata George.

Sikio!

Nilisimama. Nakwambia nilisimama na kitabu mkononi, nikamtazama bibi. Bibi anapepeta mchele hata hanitazami. "Endelea," akasema, "nini kimekusimamisha?" Zilikuwa zimepita zaidi ya kurasa mia nne. Mimi mwenye cheti cha kidato cha nne kinachokuja nilikuwa nimemhukumu mtu kwa pua yake na nywele zake. Nikamuuliza, Bibi, ulijuaje? Akasema alikwisha kuniambia. Nikamwambia hapana, ile ni ngano, huyu ni mtu mwingine. Ndipo akatazama juu. "Mtu ambaye kila mtu ana uhakika naye," akasema, "mimi huwa nasubiri."

Sasa pale mwisho kabisa kuna sura ndogo ya miaka kumi na tisa baadaye. Harry ameoa, wote wameoa, wako stesheni ya treni wanasindikiza watoto shuleni. Kwa maoni yangu ni sura mbovu kuliko zote, imekaa kama mwisho wa filamu ya Kihindi, imebaki kuimba tu. Nilitaka kuiruka. Lakini bibi alikuwa anahesabu kurasa zilizobaki kwa jicho, akasema soma. Nikasoma, nikafika pale Harry anapomwambia mwanawe wa kiume kwamba jina lake, Albus Severus, ni la walimu wakuu wawili, na mmoja wao ndiye Snape, mtu shujaa kuliko wengi aliowahi kuwajua.

Bibi akaweka ungo chini. "Amepewa jina? Mtoto?"

"Ndiyo, Bibi. Severus ndiyo Snape."

"Basi," akasema. Akainuka kwenda kulala.

Nilielewa baadaye. Ukoo mzima wa bibi nimeupitia kichwani, najua nani amepewa jina la nani. Kuna shangazi yake mmoja aliyesemwa zamani sana, akahama usiku. Hakuna mtoto anayeitwa kwa jina lake. Hata mimi silijui.

Ya jirani yalipoa yenyewe baada ya mavuno. Hakuna aliyeomba radhi. Siku moja tu mama wa ile nyumba alipita akasema "mwadila," bibi akaitikia, baba mdogo akarudi kwake kwenye joto.

Naona nafasi inakwisha na mhariri wangu hana huruma. Niseme tu kwamba vitabu hivi vimetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 80, Kiafrikaans kimo, na Kiswahili chetu cha mamilioni bado. Wakati Alice wa Waingereza tulikuwa naye kwa Kiswahili tangu mwaka 1940, akiitwa Elisi! Wachapaji mpo? Mimi naweza kuwasaidia kwenye kupanga balogi na bafumu, nina mtaalamu.

Basi juzi ndiyo nimetoka huko. Nimekuta mtoto wa shangazi, yuko kidato cha tatu, amekirithi kile kitabu kisicho na uso, na bibi amemwambia aanze upya. Nimefika jioni, shikamoo Bibi, marahaba, hata mzigo sijatua, bibi ananiangalia kwa lile jicho la utani. "Mke mwenzangu, wewe ni mwongo."

Moyo ukanipasuka paa. Yule dogo amekaa kwenye kigoda, anajichekea.

"Macho ya yule mtu wako uliniambia ni njano. Mwenzako anasema kitabu kimeandika mekundu."

Nikakosa pa kuangalia. Nikaanza kujiumauma, mara Kiingereza kigumu, mara taa ilikuwa hafifu. Bibi akanyoosha mkono, akampokonya dogo kitabu, akanipa. "Soma kama kilivyo." Nikafungua sura ya kwanza, ileile, nikasoma kama kilivyo. Mekundu. Moshi ulikuwa unampita usoni kama kawaida, na yeye alikuwa anageuza ugali.

Akafikiri, kama anavyofikiri kabla ya kumpanga mtu.

"Huyo anapikia nini?" akauliza.

"Hapiki, Bibi. Ana watu wa kumpikia."

"Hapikii mavi ya ng'ombe?"

"Hapana."

"Mabua ya pamba?"

"Hapana, Bibi."

"Sasa mekundu ya nini?" akasema, akaupiga ugali mwiko wa mwisho, akatuambia tunawe mikono.

Haya mpenzi msomaji, wiki ijayo ni zamu ya akina dada na simu za usiku, hilo sirudi nyuma tena. Chao!